Utaratibu Kuliko Kumbukumbu: Mhadhara Kuhusu Utunzaji wa Nywila

Mhadhara wa wazi uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wakutubi na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa



Waandaaji wamenipa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, na wameniomba nilisemee kwa watu ambao kompyuta si kazi yao. Wamefanya vyema. Anayeumizwa na nywila iliyovuja mara nyingi si fundi. Ni mweka hazina wa kikoba, ni mwalimu wa taaluma anayeingiza alama za wanafunzi, ni kijana aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri majibu ya mkopo wa elimu ya juu.

Lengo langu leo ni moja. Nataka tukitoka humu ndani tuwe tumekubaliana kwamba usalama wa nywila hauhitaji akili nyingi wala kumbukumbu kali. Unahitaji utaratibu: kila akaunti na nywila yake, nywila zote zikiwa na mahali pake pa kutunzwa, kila akaunti muhimu ikiwa na kizuizi cha pili, na kila mmoja wetu akiwa amezoea kutoomba wala kutoa siri. Nitalieleza hilo kwa hoja sita, kisha nitasema tunachopaswa kukianza na tunachopaswa kukitazamia.

Hoja ya kwanza: mtu akiachiwa achague, huchagua kinachotabirika

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kundi la Fernando Corbató lilijenga mfumo ulioitwa CTSS, ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na mafaili yake. Ili mafaili ya huyu yasiguswe na yule, kila mtumiaji akapewa nywila. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, ambaye saa alizogawiwa hazikumtosha, aliiagiza mashine imchapishie faili lote la nywila, nayo ikamchapishia. Mwaka 1966, kwa hitilafu ya programu, faili la nywila likamtokea kila aliyeingia kwenye mfumo huo. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kabisa hatari ya kwanza ilikuwa palepale: nywila hazikubahatishwa moja moja, zilitoka zote kwa mkupuo, kwa sababu aliyezitunza alizihifadhi wazi.

Hatari ya pili ilionekana mwaka 1979. Robert Morris na Ken Thompson, watafiti wa Bell Labs, walichunguza nywila 3,289 zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji wa kawaida. Nywila 2,831, yaani asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ilidukuliwa, na nywila milioni 32 zikavuja zikiwa wazi kama zilivyoandikwa. Iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa 123456.

Silisemi hili kumkebehi mtu. Kichwa cha binadamu hupenda kilicho karibu nacho, na kilicho karibu ndicho kinachojulikana na majirani. Anayetaka kubahatisha nywila ya mtu wa Tanga ataanza na jina la mtoto wa kwanza, kisha namba ya simu, kisha timu ya Simba, Yanga au Coastal ikifuatiwa na mwaka. Siulizi nani humu ndani amejiona katika orodha hiyo, na sitaki mtu anyanyue mkono. Lakini aliyejiona na abadilishe leo.

Hoja ya pili: hatari kubwa kuliko zote ni kurudia nywila moja

Ili hoja hii ieleweke, lazima nieleze mfumo mzuri unavyotunza nywila. Mfumo unaowaheshimu watumiaji wake hauhifadhi nywila yenyewe. Huisaga. Mahindi yakishapita kinuni unapata unga, na hakuna mashine ya kuurudisha unga kuwa mahindi. Vivyo hivyo, nywila hupitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma, na kinachohifadhiwa ni matokeo ya hesabu hiyo. Ukiingia kesho, unachoandika kinasagwa tena na kulinganishwa na kilichohifadhiwa. Mfumo mzuri zaidi huongeza kwenye kila nywila herufi za nasibu kabla ya kuisaga, ili watu wawili wenye nywila moja wasipate matokeo yanayofanana.

Tatizo ni kwamba si kila mfumo ni mzuri, na wewe mtumiaji huna njia ya kuchungulia jikoni kwao. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn ulidukuliwa. Nywila zake zilikuwa zimesagwa, lakini kwa njia ya haraka na bila herufi za nasibu kuongezwa. Mwanzoni ilionekana kwamba zimevuja takriban milioni 6.5, mwaka 2016 ikajulikana kwamba nywila zilizoibwa zilizidi milioni 100. Aliyeziiba hahitaji kurudisha unga kuwa mahindi. Anachukua orodha ya maneno, anayasaga yote, kisha anatazama lipi limetoa unga ule ule.

Akishazipata, hafanyi haraka ya kukaa kwenye akaunti ya LinkedIn. Anaichukua anwani yako ya barua pepe pamoja na nywila hiyo, na kwa kutumia programu anazijaribu kwenye maelfu ya tovuti nyingine. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 2023 kwa kampuni ya vipimo vya vinasaba ya 23andMe. Wadukuzi walitumia nywila zilizovuja kwingineko wakafungua akaunti zipatazo 14,000. Kwa kuwa akaunti hizo zilikuwa zimeunganishwa na za watu wenye undugu wa vinasaba, wakaondoka na taarifa za watu takriban milioni 6.9. Hapo pana fundisho kwa jamii inayoheshimu undugu kama yetu: uzembe wa mmoja uliwafikia ndugu ambao wenyewe hawakukosea chochote.

Nisisitize jambo moja hapa. Katika akaunti zako zote, inayotakiwa kulindwa kwanza ni barua pepe. Ukisahau nywila ya tovuti nyingine yoyote, tovuti hiyo hukutumia njia ya kuibadilisha kupitia barua pepe. Kwa hiyo aliyeingia kwenye barua pepe yako anaweza kuingia karibu kote. Kama mtu ana nguvu ya kurekebisha kitu kimoja tu wiki hii, arekebishe hicho: nywila ya barua pepe iwe ndefu, na isitumike mahali pengine popote.

Hoja ya tatu: urefu na nasibu hushinda alama za ajabu

Wengi wetu tumefundishwa kwamba nywila nzuri lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao, na ibadilishwe kila miezi mitatu. Ushauri huo ulienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mpya. Mwongozo huo unashauri watu wasilazimishwe kuchanganya alama, wala wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda kama hakuna dalili kwamba imevuja. Badala yake, mfumo uruhusu nywila ndefu, na uzikatae zile ambazo tayari zimo kwenye orodha za zilizovuja.

Sababu yake tunaijua sote kwa vitendo. Mtumishi akilazimishwa kubadilisha, Tanga2023! inakuwa Tanga2024!. Amefuata sheria yote, na mdukuzi hakupata kazi ya ziada.

Sasa tufanye hesabu kidogo; walimu wa hisabati mnisahihishe. Nywila ya herufi ndogo nane zilizochaguliwa kwa nasibu ina uwezekano wa 26 kwa kipeo cha 8, yaani zaidi ya bilioni 208. Inaonekana ni idadi kubwa. Lakini kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, kama ile ya wacheza gemu, ikipata nywila zilizosagwa kwa njia dhaifu inaweza kujaribu bilioni 100 kwa sekunde. Bilioni 208 zinaisha kwa sekunde mbili na ushei.

Chukueni njia nyingine, ambayo haihitaji hata umeme. Tafuta kopo, vikaratasi kumi vilivyoandikwa 0 hadi 9, na kamusi ya Kiswahili. Tikisa kopo, toa karatasi moja, iandike tarakimu yake, irudishe, tikisa tena. Fanya hivyo mara tatu upate namba ya ukurasa. Ukipata 2, 1 na 7, fungua ukurasa wa 217. Ikitoka namba isiyo na ukurasa, anza tena. Toa tarakimu ya nne: ikiwa ni 5, chukua neno la tano katika ukurasa huo, ikiwa ni sifuri, chukua la kumi. Rudia mpaka upate maneno sita. Utapata kitu kama hiki: *tarishi bilauri kokoto zumari mkeka nundu*.

Kama kamusi yako ina kurasa 400, kila neno limechaguliwa kati ya maneno 4,000. Maneno sita yanatoa uwezekano wa namba 4 inayofuatwa na sifuri 21. Kompyuta ile ile, kwa kasi ile ile, ingehitaji zaidi ya miaka 1,200 kuumaliza. Na mtu mzima anaweza kuyakariri maneno hayo sita kwa kutunga kisa kidogo kichwani: tarishi kabeba bilauri, kajikwaa kwenye kokoto, na kuendelea.

Masharti ni mawili. La kwanza, usiyachague mwenyewe na usiliache neno kwa kuwa hulipendi, maana ukianza kuchagua, nasibu imekwisha. Methali, aya, ubeti wa taarabu, vyote hivyo vyaweza kuwamo kwenye orodha za wadukuzi, hata viwe virefu kiasi gani. La pili, msitumie hayo niliyoyataja. Yameshasikika ukumbini, na yatachapishwa.

Hoja ya nne: nywila nyingi zinahitaji mahali pa kutunzwa

Hapa naulizwa swali la haki. Mama mmoja aliyeketi safu ya mbele ameniambia: "Mwalimu, nina akaunti kama ishirini. Nitakariri maneno 120?" Jibu ni hapana, mama yangu. Hutakiwi kukariri. Anayekuambia uwe na nywila tofauti kila mahali na papo hapo uziweke zote kichwani anakupa kazi isiyowezekana, nawe utarudi kwenye ile moja.

Zipo programu za kutunza nywila. Programu hizi hubuni nywila ndefu za nasibu, huzihifadhi zikiwa zimefungwa kwa hesabu za usimbaji, na huzijaza zenyewe unapoingia kwenye tovuti. Bitwarden ina toleo la bure. KeePass ni ya bure na huhifadhi faili kwenye kompyuta yako mwenyewe. Simu za Android na iPhone nazo zinakuja na huduma ya namna hiyo ndani yake. Wewe unakariri nywila moja kuu tu, na hapo ndipo maneno sita ya kopo yanapofaa zaidi.

Faida yake si kumbukumbu pekee. Programu hulitambua jina kamili la tovuti. Ukipelekwa kwenye tovuti bandia iliyochorwa ikafanana na ya benki yako, jicho lako linaweza kudanganyika, lakini programu haitajaza nywila, kwa sababu jina halilingani. Ukiona haijazi pale ambapo siku zote hujaza, simama na usome anwani upya.

Je, hazidukuliwi? Zinaweza. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, yenye programu ya namna hii, iliibiwa nakala za hazina za wateja wake. Nywila zilizokuwamo zilikuwa zimefungwa, hivyo usalama wa kila mteja ukategemea ubora wa nywila yake kuu. Sichukulii tukio hilo kuwa sababu ya kuzikimbia programu hizi. Ni sababu ya kuipa nywila kuu uzito unaostahili.

Na kwa wazee wetu wasiotumia programu, nasema bila kusita: daftari linafaa. Mdukuzi aliye nje ya nchi hawezi kulifikia daftari lililofungiwa kabatini kwako. Nywila tofauti ishirini zilizoandikwa kwenye daftari linalokaa chini ya kufuli ni salama kuliko nywila moja inayorudiwa mara ishirini. Lisitembee kwenye mkoba, lisikae mezani ofisini, na namba ya siri ya pesa isiandikwe humo.

Hoja ya tano: siri zetu nyingi haziibwi, tunaombwa na tunatoa

Tumezungumza kuhusu kompyuta zenye nguvu. Sasa tuje mtaani kwetu, ambako kompyuta hizo hazihitajiki.

Pesa ya simu imekuwa nasi Afrika Mashariki tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Hulindwa na namba ya siri ambayo kwa kawaida ina tarakimu nne, yaani uwezekano 10,000 tu. Inatosha kwa sababu moja: ukikosea mara chache, mfumo hufunga. Kwa hiyo tapeli hana njia ya kujaribu zote. Atajaribu mwaka wako wa kuzaliwa, au atakuomba umtajie mwenyewe.

Mnaufahamu ujumbe wa "ile pesa nitumie kwenye namba hii." Mnamfahamu anayepiga akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Mnamfahamu pia anayesema, "Samahani, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kimakosa, nitumie." Tarakimu hizo hazikuja kimakosa. Muda huo huo yeye anajaribu kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake, na hizo ndizo anazosubiri. Akizipata, dakika kumi baadaye jamaa zako wanaombwa mkopo wa haraka kwa jina lako na kwa picha yako.

Dawa ina sehemu tatu. Kwanza, kanuni isiyo na msamaha: namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu mwingine, hata akijua jina lako, la mama yako na kiasi cha salio lako. Pili, washa uthibitishaji wa hatua mbili. WhatsApp ina sehemu ya kuweka namba ya siri ya ziada ya tarakimu sita, na barua pepe nyingi zinakubali programu inayotoa tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30. Programu hiyo ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu ujumbe humfuata mwenye laini, na matapeli wanajua kuihamisha laini ya mtu. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanao, usingoje hadi kesho. Nenda kwa mtoa huduma. Tatu, toa taarifa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na namba ya tapeli ipeleke kwenye 15040.

Lakini kuna kutoa siri kwa namna nyingine, ambako hakuna tapeli. Ingieni steshenari yoyote msimu wa maombi ya vyuo. Vijana wamepanga foleni, mwenye duka ana kompyuta mbili na kaunta buku. Kijana hana barua pepe, basi anafunguliwa moja papo hapo. Katika kaunta buku inaandikwa jina lake, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, anwani mpya, na nywila. Ili kazi iende, nywila ni ile ile kwa foleni nzima, na namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya mwenye duka. Anafanya kwa wema, na bila yeye wengi wasingeomba kabisa. Lakini mwaka unapita, duka linahama au simu inabadilishwa, na kijana aliyeitwa kwenye usaili hawezi kuufungua mwaliko wake. Na kaunta buku ile, yenye mamia ya majina na nywila, inabaki kwenye shubaka mtu yeyote aichukue.

Ndugu zangu wenye steshenari, kama mpo, naomba mambo matatu ambayo hayatapunguza wateja. Kijana aandike nywila yake mwenyewe, wewe ukiangalia pembeni. Namba ya kurejeshea iwe yake au ya mzazi. Na kijana atoke kwenye akaunti kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na yaliyomo kwenye kaunta buku hiyo ni taarifa binafsi za watu.

Vivyo hivyo majumbani. Bibi hampi mjukuu simu na namba ya siri kwa kuwa ni mzembe. Anampa kwa kuwa maandishi ni madogo, na hakuna aliyekaa naye kumwelekeza. Mjukuu mwema atamwambia, "Bibi, bonyeza mwenyewe, mimi nageuka." Ataongeza ukubwa wa maandishi, na atafanya naye mazoezi kwa kutuma shilingi mia tano. Kwa asiyeona au asiyeweza kubonyeza, familia imteue mtu mmoja anayejulikana na wote, isiwe yeyote aliye karibu siku hiyo.

Hoja ya sita: nywila ya ofisi ni mali ya ofisi

Mweka hazina wa kikundi akimaliza muda wake, tuna utaratibu mzuri. Tunaandika hati ya makabidhiano: daftari la mahesabu, mhuri, kitabu cha risiti, funguo za sanduku. Mashahidi wanatia saini. Katika hati hizo, ni mara ngapi mmeona akaunti ya barua pepe ya kikundi, au akaunti ya kuingia kwenye mfumo wa serikali? Matokeo yake ni ya aina mbili. Ama aliyeondoka anaondoka na nywila na shughuli zinasimama, ama nywila inabaki ile ile na kila aliyewahi kushika wadhifa bado anaweza kuingia.

Akaunti iliyosahauliwa ni mlango. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta kwa bomba katika mashariki ya Marekani, ilisimamisha bomba lake kwa siku kadhaa baada ya kudukuliwa, na vituo vya mafuta katika majimbo mengi vikakauka. Wadukuzi waliingia kupitia akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, kwa nywila moja, bila hatua ya pili ya uthibitisho. Kampuni ikalipa fidia ya bitikoini 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4.

Kikundi chenye wanachama thelathini kinaweza kujikinga vizuri zaidi kwa kanuni nne zilizoandikwa kwenye katiba yake. Akaunti za kikundi zifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, isiwe ya mtu binafsi. Inapowezekana, kila kiongozi aingie kwa jina lake, ili ijulikane nani alifanya nini. Akiondoka, ruhusa yake ifungwe siku ya makabidhiano, na nywila za pamoja zibadilishwe mbele ya mashahidi. Mwisho, nakala ya nywila kuu ikae kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya gundi, itunzwe na mtu asiye mweka hazina.

Na kwa kuwa tumetaja makabidhiano, tutaje pia mirathi. Marehemu wa leo anaacha akiba kwenye simu, picha za familia na mikataba kwenye barua pepe. Google inakuruhusu kumteua mtu wa kupata taarifa unazotaka azipate endapo akaunti itakaa kimya kwa muda uliouchagua. Apple nayo inaruhusu kumteua wa kurithi. Pesa zilizo kwenye simu zina utaratibu wake wa kisheria kupitia msimamizi wa mirathi, na kumwachia mtu namba ya siri hakuchukui nafasi ya utaratibu huo. Linalotakiwa ni orodha ya akaunti ulizonazo, iliyowekwa pamoja na wosia, ili watoto wajue pa kuanzia.

Ya kuanza nayo, na ya kutazamia

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia mwisho.

Nywila yenyewe haitadumu milele katika sura tuliyoizoea. Tarehe 5 Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitapanua njia mpya ya kuingia bila nywila. Simu yako inatengeneza jozi ya funguo za kihesabu. Mmoja wa siri unabaki kwako, mwingine unapelekwa kwenye tovuti. Ukitaka kuingia, tovuti inatuma swali, wewe unaweka kidole, simu inalijibu kwa ufunguo wa siri bila kuutoa. Ufunguo huo umefungamana na jina la tovuti ile tu, hivyo tovuti bandia haipati kitu, na hakuna tarakimu za kumsomea tapeli. Tovuti nyingi kubwa tayari zinaikubali njia hiyo. Mkiulizwa na simu zenu kama mnaitaka kwenye barua pepe, ikubalini, mradi simu yenyewe ina kufuli imara na mna njia ya pili ya kurejesha akaunti.

Lakini mabadiliko hayo yatachukua miaka, na mwenye kitochi atakuwa wa mwisho kuyaona. Kwa hiyo kazi ya miaka hii ni yetu, na nawagawia.

Walimu, zoezi la kopo na kamusi ni kipindi kimoja cha hisabati na kipindi kimoja cha Kiswahili. Likifanywa kidato cha kwanza, mtoto atafika steshenari akiwa tayari na barua pepe yake na nywila yake. Wakutubi, mna meza, mna kamusi, na mnaaminiwa. Tengeni siku moja kwa mwezi ya kumsaidia kila anayekuja kuwasha hatua ya pili. Viongozi wa vikundi, katika mkutano mkuu ujao pelekeni zile kanuni nne ziingie kwenye katiba. Wenye mifumo, serikalini na kwenye kampuni, acheni kutulazimisha kubadilisha nywila kila robo mwaka. Ruhusuni nywila ndefu, tupeni uthibitishaji wa programu badala ya ujumbe mfupi pekee, na maelekezo yake yaandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mzee wa Pangani.

Na kila mmoja wetu, kabla ya Jumapili, abadilishe nywila ya barua pepe na awashe hatua ya pili. Wiki inayofuata ahamie kwenye akaunti ya benki, kisha mitandao ya kijamii, moja baada ya nyingine. Tukikutana tena mwakani katika ukumbi huu, ningependa viongozi wa vikundi waje na hati zao za makabidhiano mkononi, nywila zikiwa zimo katika orodha ya vilivyokabidhiwa, tuzisome na tuendelee kuziboresha kutoka hapo.